Mizani mbili juu mbinguni: satelite zenye zinapima uzito wa maji yetu, na kwa nini Nyiragongo bado inaziponyoka

Kuko tarehe tatu zenye watu wa Goma hawasahau: 10 Mwezi wa 1 mwaka wa 1977, 17 Mwezi wa 1 mwaka wa 2002, na 22 Mwezi wa 5 mwaka wa 2021. Ni siku zenye Nyiragongo ilipasuka na lave ikashuka. Lakini ukifungua kalenda ya wale wenye kurusha vyombo mbinguni, utakuta jambo la kushangaza. Miezi miwili tu kiisha lave kupita katikati ya muji, tarehe 17 Mwezi wa 3 mwaka wa 2002, roketi moja iliondoka Plesetsk, inchini Urusi, na satelite mbili za kupima nguvu ya uvutano wa dunia. Zile mbili zilizeeka, na nafasi yao ikachukuliwa na zingine mbili, zenye zilirushwa tarehe 22 Mwezi wa 5 mwaka wa 2018. Miaka 3 kamili kiisha, siku ileile, mangaribi ya Siku ya Posho, lave ilikuwa inateremuka kuelekea Buhene.

Hakuna uchawi ndani ya hizo tarehe, zimekutana tu. Lakini zinaleta ulizo lenye kila mutu wa hapa anaweza kuuliza: kama kuko satelite yenye inapima uzito wa dunia na inapita juu ya kichwa yetu, kwa nini haikuona lave yenye ilikuwa inatembea chini ya nyumba zetu? Jibu si siri, na si uongo wa wazungu. Ni hesabu. Tena ni hesabu yenye inatuhusu leo, juu sasa hivi njo Marekani na Ulaya wanatayarisha satelite zenye zitachukua zamu. Mambo yenye hizo zitaweza kuona ao kukosa kuona, itabaki hivyo kwa miaka mingi.

Gunia moja, vipimo viwili

Tuanze na kitu chenye kila mama wa soko anajua: uzito. Dunia inavuta kila kitu kuelekea chini. Ule muvuto njo tunaita uvutano, na njo unafanya bidon ya litre 20 iumize mugongo wa mutoto mwenye anapandisha maji toka ku lac.

Lakini dunia haivuti sawasawa kila mahali. Goma iko karibu na ekweta, na dunia imevimba kidogo kwenye ekweta. Tena maji ya Ziwa Kivu peke yake iko kwenye metre 1460 juu ya bahari. Kwa hiyo sisi tuko mbali na katikati ya dunia kuliko watu wa Paris, na dunia inatuvuta kidogo chini kuwapita. Chukua gunia ya kilo 50 na mizani ya resori yenye ilitengenezwa na kurekebishwa Paris. Hapa Goma, ile mizani itasoma zaidi ya gramu 150 pungufu. Hakuna mwenye ameiba kitu: gunia ni lile lile, ila muvuto umebadilika. Mizani ya zamani yenye mawe upande mumoja na bidhaa upande mwingine haitaonyesha kitu, juu mawe pia yamepunguza uzito.

Kuko sababu ya pili yenye inafanya muvuto ubadilike, na hiyo njo ya maana kwa habari yetu. Kitu kizito chenye kiko karibu kinavuta pia. Mulima unavuta. Ziwa lenye limejaa linavuta kuliko ziwa lenye limepunguka. Udongo wenye umekunywa mvua ya miezi mitatu unavuta kuliko udongo wa kiangazi. Ni muvuto mudogo sana, hakuna mutu anausikia kwa mwili. Lakini uko, na unaweza kupimwa.

Chukudu mbili kwenye barabara ya Kibumba

Satelite za mwaka wa 2002 ziliitwa GRACE. Zilikuwa za NASA ya Marekani na DLR ya Ujerumani. Zilikuwa mbili, sawa mapacha, moja mbele na ingine nyuma, kwenye njia ileile, karibu kilometre 500 juu ya dunia, na kati yao karibu kilometre 220. Wale wenye kuzifanyia kazi walizipa jina la mucheko: Tom na Jerry, sawa ile paka na panya, juu moja ilikuwa inafukuza ingine bila kuishika hata siku moja.

Namna gani mapacha kama hayo yanapima uzito? Fikiria vijana wawili wenye kuteremusha viazi na chukudu toka Kibumba kuelekea Goma. Mumoja yuko mbele, mwingine nyuma, mbali kidogo. Wakati yule wa mbele anafika kwenye muteremuko, anaenda mbio, na nafasi kati yao inapanuka. Kiisha yule wa nyuma naye anafika kwenye muteremuko, anaenda mbio, na nafasi inarudia kuwa fupi. Mutu mwenye angekuwa anapima tu ile nafasi kati ya chukudu mbili, bila kuona barabara hata kidogo, angeweza kuchora milima na mabonde yote toka Kibumba mupaka Goma.

Satelite zinafanya vile vile. Wakati ile ya mbele inakaribia mahali penye uzito mwingi, tuseme Ziwa Victoria lenye limejaa, inavutwa na kuenda mbio kidogo. Nafasi inapanuka. Kiisha ya nyuma inavutwa pia. GRACE ilipima mabadiliko ya nafasi kwa mawimbi ya redio yenye mwendo mufupi, na iliweza kutambua mabadiliko ya mikrometre 1, maana yake sehemu moja ya milioni ya metre. Unywele wa mutu ni munene kuupita mara makumi. Na hapo satelite zinatembea zaidi ya kilometre 7 kila segonde na kuzunguka dunia mara 15 hivi kwa siku.

Kiisha mwezi mumoja, njia zenye zimepita zinafunika dunia yote, na watu wa hesabu wanatoa karata moja ya uvutano. Mwezi wenye kufuata, karata ingine. Ukitoa moja kwa ingine, mulima unapotea juu haukutembea, na kile chenye kinabaki ni kitu chenye kilitembea: zaidi sana ni maji.

Mambo yenye zilituonyesha kwetu

Kazi hiyo ilitengenezwa kwa miaka 5. Iliendelea miaka 15, mupaka mwaka wa 2017. Na Afrika yetu ya katikati ilikuwa kati ya mahali penye ilifaa zaidi, juu ya sababu moja ya huzuni: hapa chini, vipimo ni vichache. Wakati wa uhuru wa mwaka wa 1960, bonde la muto Kongo lilikuwa na zaidi ya vituo 400 vya kupima mito. Vingi vilikufa, leo vyenye vinafanya kazi vizuri ni vichache sana. Kwenye bonde la muto Kongo, lenye ukubwa wa karibu kilometre kare milioni 3,7, satelite iliona mambo yenye hakuna mutu alikuwa anasimama kuyaandika.

Mwaka wa 2006, watafiti walitoa hesabu ya kwanza: kwa miezi 50 ya vipimo vya GRACE, bonde la Kongo lilikuwa limepoteza karibu kilometre kibe 280 za maji. Ili tuelewe, ni karibu nusu ya maji yote ya Ziwa Kivu. Watu fulani waliposikia hivyo waliogopa. Lakini miezi 50 ni muda mufupi. Bonde lina miaka ya ukame na miaka ya mvua, na kisha maji inarudia. Mwanzoni mwa mwaka wa 2024, muto Kongo ulipanda kwenye kiwango chenye hakikuonekana tangu mwaka wa 1961, na makartie ya Kinshasa yakalala ndani ya maji. Hapo tunajifunza kitu: faida ya mizani ya mbinguni haiko kwenye kipimo kimoja, iko kwenye miaka mingi yenye inafuatana bila kukatika.

Kwa maziwa yetu makubwa hadisi ni wazi zaidi. Katikati ya miaka ya 2000, Ziwa Victoria lilishuka sana, na satelite zilionyesha kwamba maji ilikuwa inapunguka pia kwenye udongo wa kandokando. Mwisho wa mwaka wa 2019 mvua ilinyesha kupita kiasi kwenye Afrika ya mashariki yote, na katikati ya mwaka wa 2020 lile ziwa lilifikia kipimo chenye watu hawakuwa wameona tangu mwaka wa 1964. Satelite mupya, GRACE-FO, zilikuwa zimeanza kazi na ziliona ule uzito wote unajikusanya. Ziwa Tanganyika pia lilipanda. Watu wa Uvira, Kalemie na Bujumbura wanajua yale maji ilifanya kwa nyumba zao bila kusoma karata yoyote.

Kwa nini Nyiragongo inaziponyoka

Sasa turudie kwenye ulizo letu. Mizani ya mbinguni iko mbali sana. Kutoka kilometre 500, uzito wa vitu vyenye viko karibu unajichanganya, sawa vile ukiangalia Goma usiku toka Gisenyi, taa za kartie moja zinakuwa mwangaza mumoja. GRACE na GRACE-FO zinaweza kutofautisha maeneo yenye upana wa kilometre 300 mupaka 400. Kitu kidogo kuliko hapo kinapotea ndani ya majirani zake.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme satelite inaweza kusikia santimetre 1 ya maji yenye imetandikwa kwenye eneo la kilometre 400 kwa 400. Ile maji ina uzito wa tani miliari 1,6. Sasa tuseme volkano imetapika metre kibe milioni 20 za lave. Lave ni nzito, kila metre kibe tuseme tani 2,7. Jumla ni tani milioni 54. Kwa sisi wenye tunaishi kwenye njia yake, ni mwisho wa dunia. Kwa satelite, ni mara 30 chini ya kitu kidogo kabisa chenye inaweza kusikia. Tena ile lave haikutoka mbinguni: ilihama tu toka ndani ya mulima ikafika pembeni yake, kilometre kidogo. Kwa mizani yenye inaona kilometre 300, hakuna kitu kimetembea.

Na Ziwa Kivu je? Lina karibu kilometre kare 2400. Likipanda metre 1 nzima, inaongeza tani miliari 2,4. Hiyo iko tu juu kidogo ya kile satelite inaweza kusikia, na itachanganyika na Ziwa Edward, na Tanganyika yenye ina kilometre kare 32 900, na udongo wa Masisi na Rutshuru. Ziwa Victoria likipanda metre 1, ni tani karibu miliari 69. Hiyo njo sauti yenye satelite inasikia vizuri. Sauti ya Kivu ni mutoto mwenye anasema pole pole pembeni ya fanfari.

Kwa hiyo, siku mutu anakuambia kwamba "satelite inachunga Nyiragongo", muulize ni satelite gani. Zile zenye zilisaidia mwaka wa 2021 ni za aina ingine: za radari, sawa Sentinel-1 ya Ulaya. Hizo zinatuma mawimbi kwenye udongo na kupima kama udongo umepanda, umeshuka ao umepasuka, hata kama ni santimetre kidogo tu. Njo zilionyesha kwamba moto ya chini ilipita kama ukuta mwembamba chini ya muji wa Goma na kuingia chini ya Ziwa Kivu. Juu ya ile hatari, tarehe 27 Mwezi wa 5 serikali ya jimbo iliamuru watu wa makartie 10 kati ya 18 waondoke, na tukaona barabara ya Sake na mupaka wa Rwanda vinajaa watu wenye magodoro kichwani.

Lakini hata radari haikutuambia mbele ya wakati. Utafiti mukubwa wenye ulitoka mwaka wa 2022 ndani ya gazeti la kisayansi Nature, pamoja na watu wa Observatoire Volcanologique de Goma, ulieleza kwamba mulima ulipasuka bila kutoa dalili za siku nyingi. Dalili za wazi zilionekana chini ya saa moja mbele ya lave. Moto ilikuwa tayari juu ndani ya mulima. Ukuta wa mulima njo ulishindwa. Hapo njo watu wa uvutano wanainua mukono: radari inaona udongo wenye unatembea, lakini kama moto inaingia kwenye nafasi tupu bila kusukuma udongo, radari haioni kitu. Mizani, yenyewe, inasikia uzito hata kama udongo haukutikisika.

Mahali penye vipimo vinakosea

Basi watu wanafanya nini ili mizani ya mbinguni iwe na macho zaidi? Wanapigana na makosa ine.

La kwanza ni nafasi kati ya mapacha. Hiyo karibu wameshinda. GRACE-FO inabeba, pamoja na redio, mwangaza wa lazeri wenye unapima nafasi vizuri zaidi kuliko redio, kwenye kiwango cha nanometre, sehemu moja ya miliari ya metre. Lazeri iliwekwa kama jaribio tu, lakini ilifanya kazi vizuri sana, na kwenye satelite zenye kufuata njo itakuwa kipimo chenyewe.

La pili ni upepo. Hata kwenye kilometre 500 kuko hewa kidogo yenye inasukuma satelite, na mwangaza wa jua unasukuma pia. Ule musukumo unaweza kufanana na uvutano. Hii kazi ya kuelewa hewa ya juu ina historia yake kwetu Afrika ya mashariki: tarehe 26 Mwezi wa 4 mwaka wa 1967, Waitaliano walirusha satelite San Marco 2 toka kwenye jukwaa lenye lilisimama ndani ya bahari karibu na Malindi, inchini Kenya, ili ipime unene wa ile hewa juu ya ekweta. Leo kila satelite ya uvutano inabeba kipimo cha musukumo katikati ya tumbo yake. Moja kati ya vipimo viwili vya GRACE-FO kiliharibika kidogo kiisha kurushwa, na watu wa hesabu walilazimika kuchukua vipimo vya pacha moja na kuvipandikiza kwa ingine. Inasaidia, lakini si sawa na kuwa na vipimo viwili vizima.

La tatu ni wakati. Satelite inaomba mwezi mumoja ili imalize karata, lakini hewa na bahari vinahama kila saa. Ni sawa kupiga foto ya soko la Virunga na apareyi yenye inafunguka saa nzima: vibanda vitaonekana, watu watakuwa ukungu. Wataalamu wanajaribu kuondoa ule ukungu kwa kuhesabu namna hewa na maji ya bahari vilikuwa kila masaa, kiisha wanavitoa. Lakini hesabu ya bahari ina makosa, na yale makosa yanaonekana kwenye karata kama mistari mirefu toka kaskazini kuelekea kusini, sawa mashati ya mistari. Ili kuifuta, wanalainisha karata, na wakilainisha, wanapoteza pia vitu vidogo vya kweli. Kivu yetu inapotea hapo.

La ine ni njia. Mapacha yanapita juu ya ncha za dunia, toka kaskazini mupaka kusini. Kwa hiyo njia zao zinakutana zote kwenye barafu ya ncha, na kwenye ekweta zinaachana mbali. Yaani watu wa barafu wanapimwa mara nyingi kuliko watu wa Goma. Tena yanapima tu muelekeo wa kaskazini na kusini. Upande wa mashariki na magharibi, yanaona vibaya.

Hiyo njo sababu ya mupango mupya. Marekani na Ujerumani wanapanga kurusha GRACE-C mwaka wa 2028, na njia ileile ya ncha. Shirika la anga la Ulaya linatayarisha mapacha mengine, NGGM, kwa miaka ya 2030, chini zaidi na kwenye njia yenye imeinama, yenye haifiki kwenye ncha bali inapita mara nyingi zaidi kwenye inchi za katikati, na sisi ndani. Mapacha mawili pamoja yanaitwa MAGIC. Njia zao zikikatana, mistari inapunguka, karata inatoka haraka kuliko mwezi, na eneo lenye linaonekana linakuwa dogo zaidi. Kwa watu wa ekweta, ile njia yenye kuinama si mapambo. Ni tofauti kati ya kuonekana na kuonekana nusu.

Kushuka chini kuna bei yake. Mwaka wa 2009 Ulaya ilirusha GOCE, yenye ilitembea karibu kilometre 255 tu juu ya dunia. Ilichora sura ya uvutano vizuri sana, lakini ilipashwa kuwasha motere ndogo kila wakati ili hewa isiiangushe. Gazi ya motere ilipoisha mwaka wa 2013, ikaanguka na kuungua. Ufaransa, Ujerumani na Umoja wa Ulaya wanafuata tena njia ingine, kwa kazi yenye jina CARIOQA: kupima musukumo kwa kutumia atome zenye zimepozwa sana, zenye hazizeeke wala kupotoka sawa vyuma.

Mizani ya hapa chini

Hata MAGIC haitaona lave ndani ya Nyiragongo. Tuseme hivyo wazi, ili mutu asidanganywe. Kwa volkano, mizani inapashwa kuwa hapa, kwenye mawe yetu.

Na si jambo geni. Tangu mwaka wa 1899 na 1900, Wajerumani walitembeza pandulu za kupima uvutano kwenye Afrika ya mashariki yenye walikuwa wanatawala. Mwingereza Edward Bullard alifanya hivyo tena katika miaka ya 1930 na akatoa kazi yake mwaka wa 1936: alikuta kwamba kwenye bonde la ufa, lile lenye linabeba maziwa yetu, uvutano ni mudogo kuliko pembeni. Ilikuwa moja ya dalili za kwanza za namna ardhi ya hapa imepasuka.

Leo, kwenye mulima Etna, inchini Italia, kipimo cha atome chenye kilitengenezwa Ufaransa kiliwekwa mwaka wa 2020 juu ya volkano yenyewe. Kinaacha atome zianguke ndani ya chupa yenye haina hewa na kupima mwendo wao, muchana na usiku. Kilionyesha uzito wenye unatembea chini ya mulima wakati volkano inafanya kazi. Nyiragongo, yenye ina muji mukubwa chini ya miguu yake, inastahili kitu sawa hicho kuliko milima mingi ya dunia. Lakini chombo cha namna hiyo kinaomba umeme usiokatika, mutu wa kukichunga, na usalama kwenye barabara ya kupanda. Hivyo vitatu havinunuliwe na satelite.

Sisi tunaingia wapi?

Mutu anaweza kusema: hayo ni mambo ya wenye pesa, sisi tunatafuta maji ya kunywa. Lakini vipimo vya GRACE na GRACE-FO ni vya bure. Mwanafunzi wa Université de Goma mwenye ana ordinateri na megabaiti anaweza kuvishusha leo hii, sawa vile mwanafunzi wa Toulouse, kwenye kituo cha Wafaransa chenye kinatengeneza karata hizo. Kinshasa kuko CRREBaC, kituo cha utafiti wa maji ya bonde la Kongo, na CICOS, ushirika wa inchi zenye kushirikiana muto. Kazi haianze toka sifuri.

Kitu chenye kinakosekana ni upande wa chini. Satelite inasema: "Kwenye eneo hili, uzito umeongezeka." Haisemi kama ni maji ya ziwa, ya udongo, ao ya chini kabisa. Ili kugawanya, unaomba mutu mwenye anasoma kipimo cha mvua kila asubui Rutshuru, Masisi, Kalehe. Mwenye anaandika kiwango cha lac kila siku. Na satelite zingine, sawa SWOT ya Wafaransa na Wamarekani, yenye ilirushwa mwisho wa mwaka wa 2022 na inapima urefu wa maji kwenye mito na maziwa, hata ndogo kuliko Kivu. Kipimo cha mvua cha plastike kinagharimu kidogo sana kuliko roketi, na bila hicho roketi inafanya nusu ya kazi.

Kalehe inatukumbusha bei. Mwezi wa 5 mwaka wa 2023, maji na mawe vilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi na watu zaidi ya 400 walikufa. Hakuna satelite ya uvutano yenye ingeonya juu ya usiku ule. Bonde moja la mulima ni dogo mno. Lakini udongo wenye umekwisha kushiba maji kwenye jimbo lote, hiyo satelite inaweza kusema, kama karata inafika haraka. Ulaya ilijaribu tayari, kwa kazi yenye iliitwa EGSIEM, kutoa karata za uvutano kila siku ili kuonya juu ya mafuriko. Karata za haraka pamoja na vipimo vya mvua vya hapa zingeweza kumwambia chefu wa groupement: mwezi huu udongo haubebe tena, watu wenye kulala kando ya muto wapande.

Kwa hiyo kuko maulizo matatu yenye viongozi na maprofesa wetu wanaweza kupeleka sasa, mbele ya mapacha mapya kurushwa. Nani, hapa Kivu, atapokea zile karata na kuzisoma? Vituo gani vya mvua na vya lac vitafufuliwa, na nani atalipa mushahara wa mwenye kuandika? Na lini Nyiragongo itapata mizani yake yenyewe? Mwaka wa 2028 hauko mbali. Bidon ya maji iko na kilo 20 kila siku, satelite ipite ao isipite. Lakini kujua kama kesho kisima kitajaa ao mulima utashuka, hiyo inaomba mutu mwenye anapima.